Bunia: Anayetaka kupunguza uzito atafune tunda, asinywe juisi

Bunia, jimbo la Ituri. Saa sita mchana, jua likiwa kali, mama mmoja anasimama kando ya barabara kuu ya mji. Mkono wake wa kuume kuna mwanamke mwenye beseni la nanasi, machungwa na mapera. Mkono wa kushoto kuna duka lenye friji, na ndani ya friji chupa za juisi zenye picha ya embe. Wiki iliyopita, kwenye kituo cha afya, muuguzi alimpima tansio na uzito, akamwambia apunguze kilo. Mama ameamua kuacha bugali ya mchana. Anapita beseni, anaingia dukani, anatoka na chupa. Moyoni ametulia: ni matunda tu.

Mama huyu hana jina hapa kwa sababu ni wengi. Wako Mudzipela, wako Lumumba, wako Bankoko, wako hata katika kambi za wakimbizi wa ndani. Shauri analofuata ni lile linalopita kwa majirani, kwenye simu na sokoni: ukitaka kupungua, acha chakula, kunywa juisi. Shauri hilo lina kosa, na kosa lake linakula pesa ya watu ambao pesa yao ni kidogo. Aliyetaka kupunguza uzito alipaswa kusimama kwenye beseni.

Kwanza, swali ambalo wasikilizaji wengi watauliza kwa haki: ni nani wa kuzungumza habari ya kupunguza uzito Ituri? Jimbo hili lina zaidi ya watu milioni 1 waliokimbia makwao. Tangu vita viliporudi Djugu mwezi wa 12 mwaka 2017, familia zimeacha mashamba ya mihogo na maharagi, zimelala shuleni, makanisani, katika nyumba za ndugu, na katika kambi kama Kigonze hapa Bunia. Kuna watoto wanaolazwa kwa utapiamlo. Kumwambia mtu anayekula mara moja kwa siku kwamba apungue ni matusi.

Ni kweli. Lakini ukiingia katika nyumba moja ya Bunia unaweza kukuta mambo mawili kwa pamoja: mtoto aliyekonda na bibi yake aliye mzito mwenye ugonjwa wa sukari. Haina maana kwamba bibi anashiba vizuri. Kijijini alikuwa anatoka alfajiri kwenda shamba, anateka maji mbali, anapanda kilima na kuni kichwani. Mjini anaketi. Shamba limebaki nyuma, na njia ya kurudi haina usalama. Chakula anachopata ni kile chenye bei nafuu na kinachojaza tumbo: bugali ya muhogo, mandazi ya mafuta, chai yenye vijiko vinne vya sukari. Mboga na samaki ni kidogo. Mwili wa namna hiyo unaweza kunenepa huku damu yake ikiwa pungufu. Uzito mwingi na lishe mbaya vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Kwa upande mwingine kuna wakaaji wa mji ambao kazi yao ni ya kiti na pikipiki: wafanyakazi wa ofisi, wauzaji wa maduka, madereva, walimu. Kwa muda mrefu mwili mnene ulionekana kuwa alama ya baraka, na bado wengi wanauona hivyo. Mtu akikonda, watu wanauliza kama ni mgonjwa. Ila tansio na ugonjwa wa sukari haviulizi mtu kama ana baraka. Kwa hiyo swali la nani apungue lisijibiwe na jirani wala na kioo. Lijibiwe kwenye kituo cha afya, kwa mzani, kwa kipimo cha tansio na kwa kipimo cha sukari ya damu. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kifua kikuu na mtoto hawaanzi kujinyima chakula kwa shauri la barabarani.

Sasa tuje kwa tunda lenyewe. Ndani ya chungwa kuna maji, sukari, vitamini na nyuzi. Nyuzi ni ile nyama ngumu kidogo inayobaki kati ya meno, ile ngozi nyembamba inayofunika vipande. Chungwa moja la wastani lina sukari gramu 12 hivi na nyuzi gramu 3. Ili kujaza glasi moja ya mililita 250 unakamua machungwa matatu au manne. Sehemu ya sukari inabaki kwenye makapi, lakini glasi bado inabeba zaidi ya gramu 20, yaani vijiko vitano vya chai. Nyuzi zilizokuwa gramu 9 au zaidi zimekwenda kwenye takataka, au kwa mbuzi wa jirani. Ndani ya glasi haibaki hata gramu 1.

Wengine watasema: kuna ubaya gani, sukari si ni ile ile ya tunda? Tofauti iko katika mwendo wake. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu kumi matofaa kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Kiasi cha sukari kilikuwa sawa. Juisi iliweza kunywewa haraka mara 11 kuliko tofaa zima lilivyoliwa. Walioinywa hawakushiba kama waliotafuna, insulini yao ilipanda juu zaidi, kisha sukari yao ya damu ikashuka chini zaidi. Ndiyo maana mtu aliyekunywa chupa ya juisi saa nne, saa tano na nusu anatafuta mandazi.

Mwaka 2009, katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, watu wazima 58 walipewa tofaa kwa namna mbalimbali kabla ya chakula cha mchana. Waliokula tofaa zima walipunguza chakula chao cha mchana, na hesabu ya yote waliyokula, pamoja na lile tofaa, ilikuwa chini kwa asilimia 15 kuliko siku ambayo hawakula kitu kabla. Juisi haikuleta faida hiyo, hata ile iliyorudishiwa nyuzi ndani yake. Kutafuna kwenyewe ni kazi. Kunaupa mwili nafasi ya kusema imetosha.

Utafiti huo ulikuwa wa matofaa, lakini kanuni haibadiliki kwa nanasi, pera, embe wala chungwa. Mwenye shaka ajaribu nyumbani. Siku moja akamue machungwa manne, anywe, aangalie saa ya njaa kurudi. Siku ya pili akae chini ale machungwa manne na nyama yake yote. Wengi hawatafika la nne.

Tena, hapa Bunia neno juisi linafunika vitu vitatu ambavyo havifanani. Kuna ile inayokamuliwa mbele yako bila kuongezwa kitu. Hiyo ndiyo bora kati ya hizo tatu, na bado ina sukari gramu 8 hivi kwa kila mililita 100. Soda za chupa, ambazo watu wetu wanaita sukre, nyingi zina gramu 10 hivi. Mwenye kukataa sukre na kukubali juisi tupu ya chungwa kwa ajili ya uzito amehama nyumba, ila hajatoka katika mtaa ule ule.

Ya pili ni juisi ya nyumbani iliyochanganywa, hasa ya marakuja. Marakuja ni tunda chachu. Ukilikamua na kuongeza maji, hakuna atakayelinywa bila sukari, kwa hiyo sukari inamiminwa kwa kikombe. Na hapo kuna hasara nyingine: mbegu za marakuja na ule utelezi unaozizunguka ndizo zenye nyuzi nyingi ajabu, karibu gramu 10 kwa kila gramu 100. Kichujio kinazizuia, zinatupwa. Anayekula marakuja kwa kijiko, pamoja na mbegu zake, anapata tunda. Anayekunywa ile juisi anapata maji ya sukari yenye harufu ya tunda.

Ya tatu ni chupa ya dukani na unga wa pakiti unaokorogwa katika maji. Nyingi zinavuka mpaka kutoka Uganda, pamoja na sabuni na mafuta. Picha ya embe iko nje. Ndani, mara nyingi, kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maji, cha pili sukari, na tunda linafuata kwa asilimia ndogo au ni ladha tu. Sheria ya maandishi hayo ni rahisi: kilicho kingi zaidi kinatajwa kwanza. Anayejua kusoma amsomee mama yake kabla ya kulipa.

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu sukari. Halikuweka sukari ya tunda zima katika hesabu ya sukari ya kupunguzwa. Lakini sukari ya juisi ya matunda, hata isiyoongezwa kitu, imewekwa pamoja na sukari ya mezani, asali na ile ya soda. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2000 kwa siku, OMS inataka sukari hiyo isipite gramu 50, yaani vijiko 12, na inasema ni vizuri zaidi ikishuka hadi gramu 25, vijiko 6. Sasa fanya hesabu ya yule mama: chai ya asubuhi vijiko vinne, glasi moja ya juisi vijiko vitano. Saa saba mchana ana vijiko tisa, na bado hajala kitu.

Kwa wenye hofu ya ugonjwa wa sukari kuna ushahidi mwingine. Mwaka 2013 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa matokeo ya wafanyakazi wa afya zaidi ya 187,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima, hasa baadhi yake kama zabibu na matofaa, walipata ugonjwa wa sukari wa aina ya pili kwa kiwango cha chini. Waliokunywa juisi zaidi walipata kwa kiwango cha juu. Watafiti walikadiria kwamba kubadilisha juisi mara tatu kwa wiki na kuweka tunda zima kunashusha hatari kwa asilimia 7. Si muujiza, lakini ni kitu ambacho mtu anaweza kukifanya bila kununua dawa.

Kuna majibu ambayo watu wa Bunia wanatoa wakisikia haya, na yanastahili kusikilizwa.

La kwanza: juisi inaongeza damu. Mtu akitoka hospitali, ndugu wanamletea juisi nyekundu. Upendo huo ni mzuri, ila rangi nyekundu haigeuki damu. Mwili unatengeneza damu kwa madini ya chuma na vitu vingine vinavyopatikana katika nyama, samaki, maharagi na mboga za majani kama sombe na lengalenga. Tunda linasaidia kwa njia nyingine: vitamini C yake inaufanya mwili uchukue vizuri zaidi chuma cha maharagi na mboga. Pera moja lililiwa pamoja na sahani ya maharagi linafanya kazi hiyo vizuri sana, kwa sababu pera lina vitamini C nyingi kuliko hata chungwa. Na mwenye upungufu mkubwa wa damu aende hospitali, asitibiwe kwa chupa.

La pili: mgeni anapewa nini? Hapa kuna jambo la heshima. Mtu akija kutoka mbali, hasa aliyekimbia, kumwekea chupa mezani ni kumwambia kwamba yeye ni mtu. Kumkatia papai kunaweza kuonekana kama kumpa kitu cha shambani. Desturi hiyo ni changa. Wazee wetu walimpokea mgeni kwa kilichoota: ndizi mbivu, muwa, karanga, nanasi lililochaguliwa. Nanasi lililokatwa vizuri kwenye sahani safi, pamoja na maji ya kunawa, ni heshima kamili. Kinachohitajika ni watu wachache wenye kusikilizwa, wachungaji, mapadri, maimamu, wakubwa wa mitaa, walianze katika nyumba zao bila aibu.

La tatu: tunda nalo lina sukari, kwa hiyo hata kulila kunanenepesha. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Ndizi mbivu sita baada ya sahani kubwa ya bugali haziwezi kupunguza mtu. Avoka ni nzuri kwa mwili, lakini ina mafuta: kila gramu 100 inabeba kalori 160 hivi, wakati nanasi au chungwa linabeba karibu 50. Kwa anayetaka kupungua, nusu ya avoka badala ya mafuta ya kukaangia inafaa. Avoka mbili nzima juu ya chakula cha kawaida hazifai. Tunda lichukue nafasi ya kitu: ya mandazi, ya sukre, ya kijiko cha tatu cha bugali.

La nne linatoka kwa wagonjwa. Kuna wasio na meno, kuna wenye vidonda mdomoni, kuna wazee wanaoshindwa kumeza. Hao wapondewe papai, embe au ndizi, wapewe pamoja na nyama yake, bila kuchuja. Na kuna kesi moja ambayo juisi ni dawa kweli: mgonjwa wa sukari anayetumia sindano au vidonge, akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka. Huyo, kama bado anaweza kumeza, apewe juisi au maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kwa muuguzi. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo iwe na chupa moja nyumbani, ya kazi hiyo tu.

Habari hii ina upande mwingine ambao katika mji kama Bunia hauwezi kuachwa: maji. Kando ya ziwa Albert, na katika sehemu nyingine za Ituri, kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Tunda zima lina ganda. Ukilinunua zima, ukalinawisha kwa maji safi, ukanawa mikono na kulimenya mwenyewe, unajua ulichokula. Juisi ya mfuko inayouzwa kando ya barabara imechanganywa na maji ambayo mnunuzi hakuyaona, imechujwa kwa kitambaa ambacho hakukiona, na barafu yake ina historia yake. Tunda lililokatwa mapema na kuachwa kwa nzi nalo lina hatari hiyo hiyo. Zima, limenywe nyumbani kwa kisu safi: hapo afya na mfuko vinakutana.

Na mfuko ndio unaoumiza zaidi familia zilizohama. Machungwa manne yakikamuliwa yanamtosha mtu mmoja kwa dakika mbili. Machungwa manne yakigawanywa yanawatosha watoto wanne. Nanasi moja lililokatwa linazunguka nyumba nzima, hata mgeni anapata kipande. Chupa ya juisi haigawanyiki hivyo. Mwenye kilo nyingi na mwenye njaa wanahitaji shauri tofauti kuhusu bugali, kuhusu mafuta, kuhusu karanga. Lakini kuhusu tunda shauri lao ni moja: nunueni lenye ganda. Aliyekonda aongeze avoka na ndizi. Aliye mzito achague papai, nanasi, chungwa na pera.

Kwa watoto, jambo hili lina uzito zaidi kuliko kilo za watu wazima. Mtoto wa chini ya miezi 6 anapewa maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema wazi mwaka 2017 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe juisi. Tumbo lake ni dogo. Likijazwa maji matamu, hakuna nafasi ya uji, ya maziwa, ya maharagi yaliyopondwa. Papai au avoka iliyopondwa kwa kijiko safi inamfaa baada ya miezi 6, pamoja na maziwa ya mama. Mtoto mwenye kuhara asipewe juisi wala sukre, kwa kuwa sukari nyingi inaweza kuzidisha kuhara. Apewe maji ya ORS, aendelee kunyonya, apelekwe kituo cha afya. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu hatibiwi kwa matunda. Ana dawa yake ya lishe, na njia ya kuipata ni kupimwa.

Je, mama anayeuza juisi afanye nini? Wengi wao ni wakimbizi wa ndani. Walifika na watoto na kitenge, wakaanza na ndoo moja. Hakuna sababu ya kuwaharibia soko. Mama huyo huyo anaweza kuuza nusu ya beseni likiwa zima, akamenya mbele ya mnunuzi kwa mikono iliyonawa. Anayeendelea na juisi achemshe maji, apunguze sukari kidogo kidogo kila wiki, aache nyama ya tunda ndani badala ya kuichuja yote. Wateja watazoea. Ulimi unafundishika.

Lakini kuna wengine wenye nafasi kubwa zaidi kuliko mama wa ndoo. Bunia imejaa mashirika, na mashirika yamejaa semina. Kila semina ina pumziko la saa nne: sukre au juisi ya chupa, na mandazi mawili. Semina ya afya, ya amani, ya usafi, yote hunywa kitu hicho hicho. Watu hao hao wanaofundisha lishe bora wanawanyima wakulima wa Irumu na Mambasa soko la nanasi na ndizi, na kuipeleka pesa ng'ambo ya mpaka. Mabeseni kumi ya matunda kwa wiki, yakinunuliwa na semina za mji, ni ada ya shule ya watoto wa mtu. Hili halihitaji mradi wala ripoti. Linahitaji anayeandika orodha ya manunuzi abadilishe mstari mmoja. Maharusi na sherehe za kanisa nazo zifikiriwe hivyo.

Halafu kuna ardhi. Kijijini tunda halikununuliwa. Embe liliokotwa chini ya mti, pera mtoto alilipanda mwenyewe. Vita vimechukua miti pamoja na nyumba, na hiyo ni hasara ambayo haiandikwi katika hesabu ya waliopoteza vitu. Mpapai ukitunzwa unaweza kuanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na marakuja hupanda juu ya ua bila kudai nafasi. Katika kambi ardhi ni ya wengine, na nafasi ni finyu. Hata hivyo familia iliyopokelewa katika kiwanja cha ndugu inaweza kumwomba mwenye kiwanja kona moja. Tunda litakula na mwenye kiwanja.

Kwa anayetaka kweli kupunguza uzito, mambo ni machache. Apimwe kwanza. Ale tunda zima kabla ya chakula, kisha apunguze bugali kidogo na kuongeza mboga na maharagi. Kiu aitulize kwa maji yaliyochemshwa. Sukari ya chai aishushe kijiko kimoja kwa mwezi. Atembee kwa miguu pale ambapo njia ni salama, badala ya kupanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi. Asitegemee tunda peke yake, na asitegemee kupungua kwa wiki moja. Kilo zilizokuja kwa miaka miwili ya kuketi haziondoki kwa Jumapili mbili.

Yule mama wa barabara kuu amemaliza chupa yake kabla hajafika nyumbani. Saa nane atasikia njaa, atajilaumu kwamba hana nguvu ya kujizuia, na jirani atamwambia kunywa nyingine. Hana kosa la nguvu. Alipewa shauri baya. Kesho atapita tena pale pale, na beseni litakuwepo, na pesa atakayoshika mkononi ni ile ile.